Intaneti ya Nyumbani: Bei ya Haki ni Ipi?

Siku hizi kuna swali linalosikika mara nyingi mjini Goma, na hata katika vijiji vya barabara ya Rutshuru, kama vile Kibumba, Rugari na Kalengera. Swali lenyewe ndilo hili: mtu akitaka kuwa na intaneti nyumbani mwake mwezi mzima, bila kuhesabu mega moja moja, ni haki alipe fedha kiasi gani?

Pengine mtu atasema: "Hilo ni swali la duka, si swali la dhamiri. Mwenye mali ataje bei, mwenye fedha anunue au apite." Lakini sivyo. Kila penye bei pana watu wawili, mmoja anatoa na mwingine anapokea. Na penye watu wawili namna hiyo, haki ina neno la kusema. Amri ya saba haikatazi tu kuvunja nyumba ya mtu usiku. Yakataza pia kumpunja mwenzako mchana, mbele ya watu, huku unacheka naye.

Basi na tulitazame swali hili polepole, wala tusianze kwa kupiga kelele.

MAONI MATATU

Ukiwasikiliza watu, utaona kwamba maoni yao yagawanyika mafungu matatu.

Wa kwanza husema: "Makampuni yanatuibia. Intaneti yapita hewani tu, na hewa ni ya Mungu. Ingefaa iwe bure, au karibu na bure."

Wa pili husema: "Hakuna aliyelazimishwa. Bei imetajwa, mtu ameikubali, basi ni bei ya haki. Asiyeiweza na akae bila."

Wa tatu husema: "Sisi tungelipa kwa moyo, hata kama bei ni kubwa kidogo. Linalotuudhi ni kwamba tumeambiwa 'bila kikomo', kumbe kikomo kipo. Siku za kwanza mambo ni mazuri, halafu intaneti yatambaa kama kinyonga."

Kila fungu lina sehemu ya ukweli, na kila moja lina upungufu wake. Tutayajibu moja moja. Ila kwanza tujue kama jambo lenyewe ni kubwa au ni dogo.

JE, NI ANASA?

Bei ya manukato si sawa na bei ya chumvi. Anayeuza manukato kwa bei ya juu hamwumizi mtu sana. Asiyeyaweza ataishi bila manukato. Lakini anayepandisha bei ya chumvi bila sababu, huyo atia mkono wake katika chungu cha kila maskini. Je, intaneti ni manukato au ni chumvi?

Miaka ishirini iliyopita tungalisema ni manukato. Leo tuangalie vizuri. Mwanafunzi wa chuo hupata masomo yake humo. Mfanya biashara wa maharagwe huuliza humo bei ya Goma kabla hajapakia magunia yake. Mama ambaye mtoto wake yuko Kampala au Ubelgiji huuona uso wake humo. Na mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23, mabenki yalifunga milango. Watu wengi walibaki na simu tu kwa kupokea msaada wa ndugu zao, na kwa kujua nani yu hai na nani amekimbilia wapi. Siku zile hakuna aliyeita mawasiliano mchezo wa vijana.

Hatusemi kwamba intaneti ni kama chakula. Mtu hafi kwa kuikosa. Tena humo mna mengi yasiyo na faida, na mengine ni sumu kabisa. Lakini njia haihukumiwi kwa mizigo mibaya inayopita juu yake. Barabara ya Goma na Rutshuru imepitisha maharagwe, na imepitisha bunduki pia. Hata hivyo hakuna asemaye kwamba barabara ni anasa. Intaneti imekuwa barabara. Anayefungiwa nje yake hukosa shule, soko na habari za ndugu. Kwa hiyo bei yake si jambo dogo.

KWA WASEMAO: "IWE BURE"

Ndugu hawa wadhani kwamba maneno na picha huja hewani tu, kama mvua. Lakini hewa ni hatua ya mwisho tu, toka mnara hadi simu. Nyuma ya mnara kuna safari ndefu. Nyaya za kioo, nyembamba kama unywele, zimelazwa chini ya bahari. Katika pwani ya mashariki waya wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Mwaka huo huo ukaja waya wa TEAMS unaofika Mombasa, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Upande wa magharibi, Kongo iliunganishwa na waya wa WACS kule Muanda mwaka 2013. Goma iko mbali na bahari zote mbili, zaidi ya kilomita 1,000. Katika kila kilomita kuna mtu aliyechimba mtaro, kuna mtu anayelinda, na kwenye mipaka kuna anayedai ushuru wake.

Kisha kuna minara. Mnara wataka umeme usiku na mchana. Pasipo umeme wataka mazuti na betri. Wataka mlinzi, wataka fundi wa kupanda juu wakati wa dhoruba. Tena nchi yetu ina hatari zake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na mto wa lava ukakata barabara ya Goma na Rutshuru. Mwenye kujenga kitu cha thamani karibu na mlima kama huo hana budi kuweka akiba kwa ajili ya siku ya hasara.

Mwangalieni mwenye chukudu anayeteremsha kabichi toka Kibumba hadi Goma. Mjini kabichi ina bei kubwa kuliko shambani. Je, ni mwizi? La. Ameuza jasho lake, na magoti yake, na hatari ya kuanguka katika mteremko. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alifundisha kwamba faida ya biashara si dhambi kwa yenyewe. Yaweza kuwa njema, mtu akiitafuta kwa kiasi, iwe malipo ya kazi yake, riziki ya nyumba yake, msaada kwa maskini, au huduma kwa watu wote.

Basi "bure" si haki. Kitu cha bure kimelipwa na mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo hatumwoni.

Lakini kuna jambo moja ambalo wauzaji nao hawana budi kulikubali. Intaneti si kama maharagwe. Ukiuza kopo moja la maharagwe, gunia lako limepungua kwa kopo moja. Intaneti haipungui hivyo. Njia ikiisha kujengwa, na ikiwa haina msongamano, kupitisha barua moja zaidi au somo moja zaidi ni karibu bila gharama. Gharama kubwa iko katika kujenga njia, kuitunza, na kuipanua ili iweze kuchukua wote saa za jioni, wakati kila nyumba inapofungua mlango kwa mara moja. Intaneti yafanana zaidi na daraja kuliko gunia.

Hapo twapata kanuni ya kwanza. Bei ya haki ya daraja ni sehemu ya kila mmoja katika gharama ya kulijenga na kulitunza, pamoja na faida ya kiasi kwa aliyelijenga. Na watu wanaovuka wakizidi kuwa wengi, sehemu ya kila mmoja yapasa kupungua. Kampuni ikipata wateja mara kumi ya wale wa zamani, na bei ikabaki pale pale, na kasi ikabaki ile ile, hapo mnunuzi ana haki ya kuuliza: "Sehemu yangu ya nafuu imekwenda wapi?" Kuuliza hivyo si fitina.

KWA WASEMAO: "MTU AMEKUBALI"

Wa pili wana neno zito, maana mapatano ni kitu kitakatifu. Mtu aliyekubali bei kwa hiari, akijua anachonunua, na akiwa na njia nyingine, asirudi kesho kulalamika.

Lakini tuangalie maneno hayo: kwa hiari, akijua, na akiwa na njia nyingine. Moja likikosekana, mapatano yana ufa.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima kulipuka, wakuu waliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihame. Maelfu na maelfu wakashika njia ya Sake, na wengine njia ya Rwanda. Tuwaze mwendesha pikipiki siku hiyo. Mama mwenye watoto wawili amsimamisha. Bei ya kila siku yajulikana. Lakini yeye ataja mara tano. Mama atoa fedha. Je, amekubali? Kwa mdomo, ndiyo. Kwa moyo, hapana. Amekubali kama vile mtu aliyeshikiwa panga akubalivyo kutoa mfuko wake.

Mwendesha pikipiki aweza kujitetea: "Petroli imepanda leo, na njiani kuna hatari." Ni sawa, aongeze kwa ajili ya petroli, aongeze na kwa ajili ya hatari. Hayo ni yake. Lakini hofu ya mama si yake. Mtakatifu Tomaso alieleza jambo hili vizuri. Muuzaji akipata hasara kwa kuachana na kitu chake, aweza kuidai hasara hiyo katika bei. Lakini ikiwa mnunuzi ana shida kubwa ya kitu hicho, na muuzaji hapotezi chochote zaidi, asipandishe bei kwa ajili ya shida ile. Kwa sababu gani? Kwa sababu shida hiyo si mali ya muuzaji, na hakuna mwenye ruhusa ya kuuza kisicho chake.

Papa Leo XIII alishika njia hiyo hiyo tarehe 15 Mei 1891, alipoandika juu ya mishahara katika barua Rerum Novarum. Alifundisha kwamba haitoshi kusema bwana na mfanya kazi wamepatana. Mfanya kazi akikubali mshahara wa njaa kwa sababu ya kuogopa baya zaidi, amekubali chini ya nguvu, na haki inalia. Tena tarehe 26 Machi 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, alilichukua fundisho hilo akalipeleka katika biashara kati ya mataifa: mapatano peke yake hayaifanyi bei kuwa ya haki, ikiwa mmoja ana nguvu nyingi mno na mwingine hana.

Basi sasa turudi kwenye intaneti. Kijiji kikiwa na mnara mmoja tu unaoshika vizuri, watu wake wanakubali bei, lakini wanakubali bila njia nyingine. Kukubali kwao hakutoshi kuonyesha kwamba bei ni ya haki. Muuzaji hana budi kuwa na ushahidi mwingine. Na ushahidi huo ni huu: je, bei hii yatokana na gharama yangu, au yatokana na kujua kwangu kwamba hawa hawana pa kwenda?

Hatujui moyo wa mtu, wala hatumhukumu. Lakini mambo ya Kenya yaweza kutufundisha. Julai 2023 Starlink, intaneti iletwayo kwa vyombo vinavyozunguka angani, ilifunguliwa kule. Septemba 2024 Safaricom iliongeza kasi ya intaneti yake ya nyumbani bila kuongeza bei: kwa shilingi 2,999 zile zile, mteja wa daraja la chini alipata megabiti 15 kwa sekunde badala ya 10. Si kosa kufanya hivyo. Ni jambo jema. Lakini mtu mwenye akili ajiuliza: kama kasi hiyo yaweza kutolewa kwa bei ile ile baada ya mshindani kufika, nani angeiomba kwa ajili ya mteja kama mshindani asingefika? Penye mlango wa pili, muuzaji hukumbuka haki upesi zaidi. Pasipo mlango wa pili, dhamiri yake yapaswa kufanya kazi ya mshindani.

KWA WASEMAO: "KIPIMO SI CHA KWELI"

Hawa wa tatu, kwa maoni yetu, wamegusa kidonda chenyewe.

Kila mtu anayekwenda sokoni ajua kopo lililobonyezwa kitako. Ukilitazama kwa juu, ni kopo kama makopo mengine. Bei yake ni ile ile, tena pengine ni nafuu kidogo. Lakini ndani limeinuka, na maharagwe yamepungua viganja viwili. Sheria ya Musa ilikataza mizani za udanganyifu, na nabii Amosi aliwakemea vikali waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Naye Mtakatifu Tomaso asema kwamba anayetumia kipimo pungufu huku akijua, huyo afanya udanganyifu, na yampasa kurudisha.

Neno "bila kikomo" ni kipimo. Je, ni kipimo cha kweli?

Tuseme ukweli: hakuna njia duniani isiyo na kikomo. Novemba 2024 Starlink yenyewe ililazimika kusimamisha kwa muda kupokea wateja wapya mjini Nairobi na katika wilaya za jirani, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Vyombo vyao viko angani, juu ya mawingu, na hata huko kuna msongamano! Kwa hiyo kampuni isemapo "bila kikomo", maana yake kwa kawaida ni hii: hatuhesabu mega zako, lakini ukipita kiasi fulani tutapunguza kasi yako, ili wengine nao wapate.

Kupunguza huko si dhambi. Tena kwaweza kuwa haki yenyewe. Nyumba moja ikishusha filamu usiku kucha, na mwanafunzi wa nyumba ya pili asiweze kufungua hata ukurasa mmoja wa somo lake, hapo mwenye daraja afanya vyema kumwambia wa kwanza: "Ngoja kidogo, wengine nao wavuke." Kosa si kuwa na kikomo. Kosa ni kukificha, au kukiandika kwa herufi ndogo chini kabisa ya karatasi, kwa lugha ambayo mnunuzi haielewi, huku neno "bila kikomo" limeandikwa juu kwa herufi kubwa kama mlango wa kanisa.

Muuzaji mwenye haki ataje mambo matatu kwa Kiswahili chepesi kabla ya kupokea fedha. La kwanza: kasi ni kiasi gani, si saa tisa za usiku tu, bali saa mbili za jioni pia, wakati watu wote wako nyumbani. La pili: baada ya kutumia kiasi gani kasi itapunguzwa, na itabaki kiasi gani. La tatu: umeme au mtandao ukikatika siku nyingi, je, siku hizo zitahesabiwa juu ya nani? Akiisha kutaja hayo, hata bei ikiwa kubwa, mnunuzi amenunua akijua. Asipoyataja, hata bei ikiwa ndogo, kopo lake limebonyezwa.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Sasa tujaribu kuhesabu. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongo zaidi ya 70 katika kila 100 waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Tumchukue mtu mwenye kiasi hicho kamili: kwa siku 30 ana dola 64 na nusu. Humo atoe chakula, kodi ya nyumba, makala, sabuni, dawa na karo.

Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mambo ya intaneti iliweka lengo mwaka 2018, kwamba hadi mwaka 2025 kifurushi kidogo cha intaneti kisizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Kwa mtu wetu, asilimia 2 ni dola 1 na senti 29. Nyumba ya watu watano wenye kiasi hicho kila mmoja ingefika dola 6 na senti 45. Lengo hilo lahusu kifurushi kidogo, si intaneti ya nyumbani bila kikomo. Lakini latusaidia kuona umbali.

Maana jirani zetu wa Rwanda, Starlink ilipofunguliwa kwao mwaka 2023, waliambiwa faranga za Rwanda 48,000 kwa mwezi, karibu dola 44 za wakati ule, bila kuhesabu bei ya chombo chenyewe. Dola 44 ni zaidi ya theluthi mbili ya fedha zote za mtu wetu. Je, bei hiyo ni dhuluma? Hapana, hatuwezi kusema hivyo kwa sababu ya umaskini wa mnunuzi peke yake. Gari nalo ni ghali kwa maskini, wala muuza magari si mwizi. Kitu chaweza kuuzwa kwa bei ya haki na bado maskini asikiweze. Hapo dawa si kumtukana muuzaji. Dawa ni kushirikiana, na ni wajibu wa wakuu wa nchi.

WAJIBU WA WAKUU

Katika bei ya intaneti kuna mkono wa tatu, nao ni mkono wa serikali. Kila kodi inayowekwa juu ya mawasiliano huishia mfukoni mwa mnunuzi. Twakumbuka mambo ya RAM. Tangu mwaka 2020 wenye simu za kawaida walikatwa dola 1 kwa mwaka, na wenye simu za 3G na 4G dola 7, nazo zilichukuliwa moja kwa moja katika salio la simu. Watu walilalamika sana nchini kote, wakiuliza fedha hizo zinawapa faida gani. Mwaka 2022 kodi hiyo ikafutwa. Walichotaka watu ni kuelezwa. Haki isiyoelezwa yafanana sana na dhuluma.

Tena kazi ya wakuu ni kufungua milango, ili pasiwe na mlango mmoja tu. ARPTC, chombo cha serikali kinachosimamia mawasiliano katika Kongo, kilikataza Starlink Machi 2024 kwa kuwa haikuwa na ruhusa, kisha kikaipa ruhusa Mei 2025. Ni haki serikali kuchunguza anayeingia. Mlango wa nyumba una bawabu. Lakini bawabu amewekwa kwa faida ya wenye nyumba, si kwa kuwalinda wauzaji waliotangulia kuingia.

WAJIBU WA MNUNUZI

Tusidhani kwamba haki ni deni la makampuni tu. Mnunuzi naye ana madeni yake.

Wengine hununua intaneti moja na kuigawa kwa nyumba kumi. Kwa hesabu ni jambo zuri: dola 44 zikigawanywa kwa kumi ni dola 4 na senti 40. Je, yafaa? Tutazame mkataba. Kampuni ikiruhusu, ni ujirani mwema kabisa. Ikikataza, mtu ametia sahihi, na sahihi ni neno lake. Kwanza aende kuomba ruhusa, au majirani waende pamoja kuomba bei ya kikundi. Na kampuni yenye hekima isikie ombi hilo, maana nyumba kumi maskini zinazolipa pamoja ni bora kuliko nyumba kumi zisizolipa kitu.

Kuna na huyu: amegawa intaneti kwa jirani zake, akawatoza wote bei kamili, kila mmoja kana kwamba ni mteja peke yake. Kinywani mwake makampuni ni wanyang'anyi, na mkononi mwake afanya yale yale kwa jirani aliye dhaifu kuliko yeye. Alipwe kwa kazi yake, kwa chombo chake na kwa umeme wake. Zaidi ya hapo, auza shida ya jirani.

Tena kuna anayeiba neno la siri la waifai ya jirani na kusema, "Haimpungukii kitu." Usiku humpungukia kasi, na hata isingempungukia, mlango wa mtu hufunguliwa kwa hodi. Omba. Wengi watakupa.

NENO LA MWISHO

Basi bei ya haki ni ipi? Hatuwezi kutaja tarakimu moja ya Goma na ya Kalengera, ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Mtakatifu Tomaso mwenyewe alisema kwamba bei ya haki haipimwi kwa uzi kama ubao wa seremala. Kuzidi kidogo au kupungua kidogo hakuivunji. Lakini alama zake zajulikana. Ni bei ambayo muuzaji aweza kuieleza mbele ya mnunuzi bila kuona haya: hii ni gharama yangu, hii ni kazi yangu, hii ni kodi ya serikali, na hii ni faida yangu. Ni bei ya kitu kilichopimwa kwa kopo zima. Na ndani yake hamna hata senti moja iliyotozwa kwa sababu tu mnunuzi alikuwa na shida.

Mwaka ujao huenda minara itaongezeka, na vyombo vya angani vitaongezeka, na bei itashuka yenyewe. Tutafurahi. Lakini kama mioyo yetu haijajifunza kutofautisha gharama yangu na shida ya mwenzangu, tutaikuta dhuluma ile ile katika kitu kingine: katika maji, katika dawa, katika nauli, katika unga. Kwa hiyo, wewe unayeuza, hata kama ni unite za simu tu kando ya barabara, tazama kopo lako leo jioni. Na wewe unayenunua, uliza maswali yako matatu kabla ya kutoa fedha, kwa sauti ya adabu, wala usione haya. Anayeuza kwa haki hatachukia kuulizwa.